Kutambua Programu za Vyuo Zinazohamasisha Wanafunzi Kuhusu Pombe: Vigezo, Ushahidi na Funzo kutoka Marekani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna programu za vyuo vikuu zinazowahamasisha wanafunzi kuhusu madhara ya pombe zinavyotambuliwa na kutunukiwa, na namna vigezo vya utambuzi huo vinavyoathiri programu zenyewe. Mjadala umejikita nchini Marekani kwa sababu huko programu hizi zina historia ya karibu nusu karne, zimewekewa sheria, zimepewa tuzo na zimefanyiwa tathmini nyingi za kitaalamu. Hoja kuu ni kwamba utambuzi ni aina ya tathmini. Tuzo inayopima wingi wa shughuli hulea shughuli. Tuzo inayopima mabadiliko ya tabia na kupungua kwa madhara huelekeza vyuo kwenye mabadiliko hayo. Makala inapendekeza vigezo vitano vinavyoweza kuongoza utambuzi wa aina ya pili.

1.0 Utangulizi

Kitenzi kutambua kina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni kubaini: daktari hutambua ugonjwa kwa dalili zake. Maana ya pili ni kukipa kitu hadhi: serikali hutambua chama kwa kukisajili, na chuo hutambua mchango wa mhadhiri kwa kumtunuku cheti. Kimantiki, maana ya kwanza inapaswa kuitangulia ya pili, kwa kuwa kinachopewa hadhi sharti kiwe kimebainishwa kwanza. Katika uwanja wa elimu kuhusu pombe vyuoni, mpangilio huo haukuzingatiwa kila mara. Kwa muda mrefu programu zilipongezwa kabla ya kujulikana iwapo zilibadilisha chochote katika maisha ya wanafunzi waliolengwa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu linahusu uhai. Mwaka 2002, Taasisi ya Kitaifa ya Matumizi Mabaya ya Pombe na Uraibu wa Pombe ya Marekani (NIAAA) ilitoa ripoti ya jopo kazi lake kuhusu unywaji vyuoni. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa wanafunzi wapatao 1,400 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wakifariki kila mwaka kutokana na majeraha yanayohusiana na pombe, zikiwemo ajali za barabarani. Wengine 500,000 walikuwa wakijeruhiwa wakiwa wamelewa, na zaidi ya 600,000 walikuwa wakishambuliwa na mwanafunzi mwenzao aliyekunywa. Kwa makadirio ya namna hiyo, programu isiyofanya kazi lakini inayopewa tuzo haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo lisilo na hasara. Huchukua fedha, muda na imani ambayo ingeelekezwa kwenye programu inayookoa maisha.

2.0 Chimbuko la Programu na la Utambuzi Wake

Harakati za wanafunzi kuelimishana kuhusu pombe zilipata sura ya kitaasisi mwaka 1975, pale Gerardo Gonzalez, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida, alipoanzisha shirika la BACCHUS. Jina hilo, ambalo pia ni la mungu wa mvinyo katika ngano za Warumi, lilikuwa kifupisho cha maneno yanayosisitiza mwamko kuhusu pombe kwa ajili ya afya ya wanafunzi wa vyuo. Msingi wa BACCHUS ulikuwa elimu rika, yaani wanafunzi kuwafikia wanafunzi wenzao kwa lugha na mazingira wanayoyafahamu. Shirika hilo lilienea katika vyuo vingi, na mwaka 2014 likaunganishwa na NASPA, chama cha wataalamu wa huduma za wanafunzi.

Katika miaka ya 1980 mambo mawili yaliongeza kasi. Kwanza, sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 ilizibana serikali za majimbo kupitia fedha za barabara ili zipandishe umri wa chini wa kununua pombe hadi miaka 21. Kutokana na hilo, wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza walijikuta chini ya umri unaoruhusiwa. Pili, vyama vya wataalamu wa elimu ya juu vilianza kuadhimisha wiki ya kitaifa ya uhamasishaji kuhusu pombe vyuoni, ambayo hufanyika mwezi Oktoba. Wiki hiyo ilikuja na tuzo kwa vyuo vilivyoandaa shughuli bora.

Mwaka 1989 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya shule na jamii zisizo na dawa za kulevya. Kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho kilitakiwa kuwapa wanafunzi na watumishi, kila mwaka na kwa maandishi, taarifa kuhusu kanuni, adhabu na madhara ya pombe na dawa za kulevya. Aidha, chuo kilitakiwa kupitia programu yake kila baada ya miaka 2 ili kupima ufanisi wake. Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1998, wakati marekebisho ya sheria ya elimu ya juu yalipoiruhusu Wizara ya Elimu kutoa tuzo za kitaifa kwa programu za kuigwa. Kuanzia mwaka 1999 wizara hiyo iliendesha shindano ambalo washindi wake walipewa fedha za kudumisha, kuboresha na kutathmini programu zao, pamoja na kuvieleza vyuo vingine namna zilivyofanya kazi.

Historia hii inaonesha aina mbili za utambuzi. Ule wa wiki ya uhamasishaji ulisherehekea juhudi. Ule wa Wizara ya Elimu ulidai, angalau kwa kanuni, ushahidi wa matokeo. Tofauti kati ya aina hizi mbili ndiyo kiini cha mjadala unaofuata.

3.0 Kasoro ya Kuhesabu Shughuli

Chuo kinapoomba tuzo kwa kigezo cha shughuli, huwasilisha idadi ya mabango yaliyobandikwa mabwenini, vipeperushi vilivyogawiwa, mihadhara iliyotolewa na wanafunzi waliohudhuria. Takwimu hizi ni rahisi kukusanya, na huwapa moyo wanafunzi wanaojitolea. Hata hivyo, hazijibu swali la msingi: je, mwanafunzi aliyesoma kipeperushi siku ya Jumatano alikunywa tofauti usiku wa Ijumaa?

Ushahidi wa kitaifa ulitoa sababu ya kutilia shaka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioongozwa na Henry Wechsler ulikusanya data mwaka 1993, 1997, 1999 na 2001. Unywaji wa kupindukia ulifasiliwa kuwa ni mwanamume kunywa vipimo 5 au zaidi mfululizo, na mwanamke vipimo 4 au zaidi, ndani ya majuma mawili yaliyotangulia. Mwaka 1993 takriban asilimia 44 ya wanafunzi waliingia katika kundi hilo. Mwaka 2001, baada ya miaka mingi ya wiki za uhamasishaji, kiwango kilikuwa bado takriban asilimia 44. Ulinganifu huo hauthibitishi kwamba kila programu ilishindwa, kwa kuwa haijulikani kiwango kingekuwaje bila programu hizo. Unachothibitisha ni kwamba wingi wa shughuli peke yake haukuambatana na kupungua kwa unywaji katika ngazi ya taifa.

Jopo la NIAAA lilikwenda mbali zaidi. Katika ripoti ya mwaka 2002 liliziweka afua katika madaraja manne. Daraja la kwanza lilikuwa la afua zenye ushahidi wa ufanisi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo. La pili lilikuwa la zile zilizofaulu katika jamii pana na zinazoweza kuhamishiwa vyuoni. La tatu lilikuwa la zile zenye mantiki lakini zinazohitaji tathmini zaidi, na la nne la zile zilizothibitika kutokuwa na ufanisi. Utoaji wa taarifa na maarifa pekee uliwekwa katika daraja la nne. Kwa maneno mengine, jambo ambalo vyuo vingi vilikuwa vikilifanya na kupongezwa kwalo ndilo lililowekwa chini kabisa.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Mwanafunzi anayekunywa kupita kiasi mara nyingi hakosi maarifa kwamba pombe ina madhara. Anachokikosa ni picha sahihi ya unywaji wake akilinganishwa na wenzake, stadi za kujizuia, na mazingira yasiyomsukuma kunywa. Maarifa ni sharti la lazima lakini halitoshelezi.

4.0 Programu Zilizobainika Kuwa na Ufanisi

4.1 Afua fupi kwa mwanafunzi mmoja mmoja

Mfano unaotajwa sana ni BASICS, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington na Alan Marlatt pamoja na wenzake Linda Dimeff, John Baer na Daniel Kivlahan. Programu hii huwalenga wanafunzi wanaokunywa sana na walio katika hatari ya kudhurika. Mwanafunzi hukutana na mshauri mara mbili. Katika kikao cha kwanza hueleza unywaji wake na kupewa fomu ya kuurekodi. Katika kikao cha pili huoneshwa tathmini yake binafsi: anakunywa kiasi gani akilinganishwa na wanafunzi wengine, amepata madhara yapi, na hatua zipi zinaweza kuyapunguza. Mshauri hahubiri wala halaumu. Humsaidia mwanafunzi kupima mwenyewe pengo kati ya malengo yake na mwenendo wake.

Tathmini ya programu hiyo iliyochapishwa mwaka 1998 iliwagawa wanafunzi kwa nasibu katika kundi la afua na kundi linganishi, na kuwafuatilia kwa miaka 2. Waliopata afua walipunguza unywaji na madhara zaidi ya wenzao. Ufuatiliaji wa miaka 4 uliochapishwa mwaka 2001 uliongeza jambo la kimbinu lenye umuhimu: hata wanafunzi ambao hawakupata afua walipunguza matatizo yao kadiri walivyokua. Kama kusingekuwapo kundi linganishi, mabadiliko yote yangehesabiwa kuwa mafanikio ya programu. Kamati ya tuzo inayopokea takwimu za kabla na baada, bila ulinganishi, inaweza kutunuku kukua kwa vijana badala ya kazi ya chuo.

4.2 Marekebisho ya dhana kuhusu kaida

Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz waliripoti kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa na kuunga mkono unywaji kuliko hali halisi. Dhana hiyo potofu huwavuta kuelekea kaida isiyokuwapo. Kutokana na ugunduzi huo zilizaliwa kampeni za kutangaza kaida halisi chuoni, ambazo badala ya kutishia hutangaza kwamba wanafunzi wengi hunywa kwa kiasi au hawanywi. Chuo Kikuu cha Northern Illinois kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kuendesha kampeni ya namna hiyo, nacho kikawa kielelezo kwa vingine vingi.

Tathmini zilizofuata hazikuafikiana. Mwaka 2003 Wechsler na wenzake walilinganisha vyuo 37 vyenye kampeni hizo na vyuo 61 visivyokuwa nazo, na hawakuona upungufu wa unywaji. Mwaka 2006 William DeJong na wenzake walichapisha utafiti wa vyuo 18 vilivyogawanywa kwa nasibu, ambao ulionesha kuwa kampeni zilihusiana na hatari ndogo ya unywaji. Utafiti wa marudio uliochapishwa mwaka 2009 haukupata matokeo hayo. Uchambuzi wa baadaye uliihusisha tofauti hiyo na wingi wa maduka na baa karibu na vyuo: pale pombe ilipopatikana kirahisi, ujumbe wa kampeni ulififia. Hivyo basi, programu iliyotunukiwa katika chuo kimoja haiwezi kudhaniwa kuwa itafaulu kokote. Sifa ya programu ni sifa ya programu hiyo ndani ya mazingira yake.

4.3 Mabadiliko ya mazingira

Utafiti wa vyuo vikuu 14 vya umma vya jimbo la California, uliochapishwa mwaka 2010 na Robert Saltz na wenzake, ulichunguza njia isiyotegemea ushawishi wa mtu mmoja mmoja. Vyuo 7 vilipangiwa afua kwa nasibu na 7 vikabaki kuwa linganishi. Katika majuma ya mwanzo wa mwaka wa masomo, vyuo vya afua vilishirikiana na polisi na mamlaka za mitaa kusimamia sheria za karamu za nje ya chuo, uuzaji wa pombe kwa walio chini ya umri na uendeshaji wa magari kwa walevi, huku usimamizi huo ukitangazwa wazi kwa wanafunzi. Ulevi katika karamu za nje ya chuo, na katika baa na mikahawa, ulipungua ikilinganishwa na vyuo linganishi. Kazi ya aina hii haina picha nzuri ya kupamba fomu ya kuombea tuzo. Sehemu kubwa yake ni mikutano na maafisa wa manispaa na doria za usiku.

5.0 Kiashiria Kinachoweza Kupotosha

Hata kamati inayotaka matokeo inaweza kuyasoma vibaya. Chuo Kikuu cha Cornell ni mfano mzuri. Mwaka 2002 chuo hicho kilianzisha utaratibu wa msamaha wa kitabibu: mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe, pamoja na mgonjwa mwenyewe, hawachukuliwi hatua za kinidhamu kwa kosa la unywaji. Baada ya tukio, mgonjwa huitwa kwa mazungumzo mafupi ya kielimu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2006 na Deborah Lewis na Timothy Marchell ilionesha kuwa miito ya dharura iliongezeka baada ya utaratibu huo kuanza, na wanafunzi waliosema walishindwa kuita msaada kwa kuhofia adhabu walipungua.

Kwa msomaji wa juu juu, ongezeko la miito ya dharura lingeonekana kuwa dalili ya ulevi kushamiri. Kwa kweli lilikuwa dalili kwamba wanafunzi waliokuwa wakiachwa walale hadi pombe iwatoke walianza kupelekwa kwa daktari. Chuo ambacho tuzo yake inategemea idadi ndogo ya matukio kina kishawishi cha kutoyaandikisha, na mwanafunzi anayekosa hewa chumbani ndiye anayelipa gharama ya heshima hiyo.

6.0 Kutoka Kutunuku Chuo hadi Kutambua Mkakati

Mwaka 2015 NIAAA ilichapisha CollegeAIM, mwongozo unaopanga mikakati kwa ufanisi, gharama na ugumu wa utekelezaji. Mikakati imegawanywa katika makundi mawili: ile inayomlenga mwanafunzi mmoja mmoja na ile inayolenga mazingira. BASICS imo miongoni mwa mikakati yenye ufanisi wa juu, na vivyo hivyo usimamizi wa umri wa kununua pombe na upandishaji wa kodi ya pombe. Utoaji wa taarifa pekee umebaki katika orodha ya yasiyo na ufanisi, kama ilivyokuwa mwaka 2002.

Mwongozo huu hautunuku chuo chochote. Unatambua, kwa maana ya kubaini, mkakati unaofanya kazi, kisha unakiachia kila chuo kuchagua mseto unaofaa kwa hali yake. Manufaa yake ni kwamba hauwezi kununuliwa kwa matangazo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; katika uwanja huu methali hiyo hugeuka kuwa onyo, kwa sababu kizuri kisichotangazwa kinaweza kupitwa na kibaya kinachojitembeza kwa fulana na mabango. Ndiyo maana kinahitajika chombo huru cha kubaini.

Chombo hicho nacho kinahitaji kudumishwa. Rejista ya kitaifa ya programu zenye ushahidi, iliyosimamiwa na wakala wa serikali wa afya ya akili wa Marekani na ambayo iliwahi kuiorodhesha BASICS, ilisitishwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Rejista ikifungwa, kinachobaki kwa msimamizi wa chuo ni madai ya watengenezaji wa programu wenyewe.

7.0 Vigezo Vinavyopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, utambuzi wa programu za vyuo kuhusu pombe unaweza kuongozwa na vigezo vitano. Kwanza, programu ioneshe mabadiliko ya tabia au ya madhara, na si ongezeko la maarifa au la mahudhurio pekee. Pili, mabadiliko hayo yapimwe kwa kulinganishwa na kundi au chuo kisichopata afua. Tatu, kiashiria kifafanuliwe maana yake kabla ya data kukusanywa, ili ongezeko la miito ya dharura, kwa mfano, lisichanganywe na ongezeko la ulevi. Nne, programu ieleze mazingira yake: sheria ya umri, wingi wa maduka, bei na utaratibu wa mabweni. Tano, chuo kinachoripoti matokeo hafifu kwa uwazi kisipoteze nafasi ya kutambuliwa, kwa sababu tathmini inayoficha kushindwa haiwafai wengine.

Kigezo cha nne kina umuhimu wa pekee kwa watafiti wa Afrika Mashariki. Nchini Tanzania na Kenya umri wa kisheria wa kununua pombe ni miaka 18. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa vyuo wanaruhusiwa kunywa, na mikakati ya Marekani inayotegemea umri wa miaka 21 haiwezi kuhamishwa ilivyo. Kwa upande mwingine, hatua za mazingira si ngeni katika eneo hili. Mwaka 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, ambayo bei yake ndogo iliifikisha mikononi mwa vijana. Hatua hiyo haikuwa programu ya chuo, lakini ni ya aina ambayo CollegeAIM ingeiweka katika kundi la mazingira. Programu ya chuo inayotathminiwa bila kuzingatia hatua kama hiyo inaweza kujipatia sifa isiyo yake.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba utambuzi wa programu za uhamasishaji kuhusu pombe nchini Marekani ulianza kwa kusherehekea juhudi na polepole ukaelekea kudai ushahidi. Njiani ilibainika kuwa jambo lililofanywa zaidi, yaani utoaji wa taarifa pekee, ndilo lililokuwa na ufanisi mdogo zaidi. Ilibainika pia kuwa programu nzuri zinaweza kuwa na takwimu zinazoonekana mbaya, na kwamba mafanikio ya chuo kimoja hayahamishiki bila mazingira yake. Haya hayaondoi thamani ya wanafunzi wanaojitolea kuwaelimisha wenzao. Elimu rika ndiyo iliyofungua mlango ambao afua nyingine zilipitia. Yanachodai ni kwamba juhudi zao ziunganishwe na mikakati iliyothibitishwa, na kwamba tuzo itolewe baada ya kubaini, si kabla. Chuo kinachostahili kutambuliwa ni kile ambacho wanafunzi wake wanadhurika kidogo zaidi kuliko ambavyo wangedhurika bila programu yake, na kinachoweza kulionesha hilo.